Mkono uliolala na ubongo unaojisuka upya: tuliyoyaona nyumbani baada ya kiharusi cha mama

Binti wa Kibokoni (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum. Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo nawasalimu.

Nimeuanzisha uzi huu kwa ajili ya jambo nililolishuhudia nyumbani kwetu kwa miaka miwili, nikalisoma baadaye kila nilipopata nafasi, na nikaona si haki libaki ndani ya nyumba moja ilhali kila mtaa wa mji huu wa Mombasa, kuanzia Mji wa Kale mpaka Changamwe, una mzee aliyepigwa na kiharusi akakalishwa kitandani. Jambo lenyewe ni kwamba ubongo wa mtu mzima hujisuka upya pale mwenyewe anapojaribu mwendo asiouweza, akaukosea, akaurudia, na hausukiki kwa kufanyiwa kila kitu na watu wanaompenda.

Mamangu ni fundi wa kofia. Tangu nipate akili namkumbuka ameketi barazani baada ya alasiri, kitambaa cheupe gotini, akizungushia uzi kiua kimoja baada ya kingine, kila kimoja hakizidi punje ya mtama, na kofia moja ikimchukua wiki kadhaa. Mkono wake wa kulia ndio uliokuwa riziki yetu. Asubuhi moja alitaka kushika kikombe cha chai, kikombe kikamponyoka, akautazama mkono wake kama mtu anayetazama kitu cha jirani. Tulimkimbiza hospitali. Picha ya kichwa ilionyesha mshipa ulioziba upande wa kushoto wa ubongo, na upande huo ndio unaouendesha mkono wa kulia, kwa kuwa njia nyingi za neva zitokazo kwenye gamba la ubongo hupishana chini ya kichwa kabla ya kuingia katika uti wa mgongo.

Aliporudi nyumbani tulimpokea kwa mapenzi, na mapenzi hayo ndiyo yaliyomchelewesha. Mimi nilimlisha, mdogo wangu alimchana nywele na kumfunga leso, wajukuu walimshikia glasi ya maji mpaka mdomoni, na kila jirani aliyekuja kumjulia hali alituusia tumwache apumzike. Katika kliniki moja tuliambiwa, tena mbele yake, kwamba kilichokuwa hakijarudi hadi wakati ule hakitarudi. Mama aliyasikia maneno hayo, na kwa wiki nyingi baada ya hapo hakuwa akijaribu hata kunyanyua kidole. Mkono alikuwa akiuweka juu ya mto, akaufunika kwa leso.

Aliyetufungua macho ni mtaalamu wa tiba ya viungo aliyeletwa nyumbani na ami yangu. Alikaa kimya akitutazama tukimlisha mama ubwabwa, akangoja tumalize, kisha akasema kwa adabu: "Mama huyu ana mikono mingi sana katika nyumba hii, ndiyo maana wa kwake hauitwi kazini."

Nitaeleza hapa chini alichotufunza na niliyoyasoma baadaye. Mwenye uzoefu tafadhali achangie.

Binti wa Kibokoni

Kazi ya kwanza aliyompa mama ilikuwa kukamua tui. Mbuzi ya kukunia nazi aliikataza kwa miezi, kwa sababu meno yake ni makali na kiganja cha mama kilikuwa bado hakijarudisha hisia, lakini nazi iliyokwisha kukunwa, ikiwa ndani ya bakuli pana lenye maji ya vuguvugu, haina hatari yoyote. Mama alitakiwa kutia mkono wa kulia ndani ya bakuli, akusanye chicha, afumbe vidole, anyanyue, akamue, kisha aachilie. Mkono wa kushoto aliuweka mapajani, chini ya leso, ili usije ukamsaidia.

Kufumba kulikuja mapema. Kufumbua ndiko kulikokuwa kazi. Vidole vilipokwisha kujikunja viligoma kunyooka, na chicha zikabaki zimeng'ang'aniwa ndani ya ngumi huku jasho likimtoka mama usoni kana kwamba amebeba gunia. Siku ile alifaulu mara nne tu. Tulimwekea vibakuli viwili kando, kimoja kina kokwa za tende na kingine kitupu, na kila alipofaulu kufumba na kuachilia nilihamisha kokwa moja. Kokwa zile ndizo zilizotufunza kuhesabu, na kuhesabu ndiko kulikotuonyesha jinsi tulivyokuwa tunafanya kidogo, kwani tulikuwa tukiamini kwamba mama "amefanya mazoezi" kumbe mkono umesogea mara kumi kwa siku nzima.

Baadaye nilisoma kwamba hatukuwa peke yetu. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa Amerika ya Kaskazini ambao wahusika wake walihudhuria vikao vya tiba ya wagonjwa wa kiharusi na kuhesabu mgonjwa anafanya nini hasa. Katika vikao vilivyokuwa na mazoezi ya mkono kwa kazi halisi, wastani ulikuwa marudio 32 tu kwa kikao, ilhali majaribio ya wanyama yaliyoonyesha ubongo ukibadilika yalihitaji mamia ya marudio kwa siku. Niliposoma hesabu hiyo nilizikumbuka kokwa za tende, nikaelewa kwa nini yule mtaalamu alikuwa akituhimiza tuongeze. Kufikia mwisho wa mwezi wa pili mama alikuwa anapita marudio 200 kwa siku, akiyagawa mara tatu: asubuhi, baada ya adhuhuri, na kabla ya magharibi.

Mwalimu Mstaafu, Tudor

Waalaykum salaam, binti. Pole kwa mtihani uliompata mama, na hongera kwa subira.

Naomba uniruhusu nipinge kidogo, si kwa ubishi bali kwa kuhofia watu wasije wakatiwa tamaa ya bure. Wazee wetu walisema samaki mkunje angali mbichi. Mimi nilifundisha watoto kuandika kwa zaidi ya miaka thelathini, na nimeona wazi kwamba mtoto wa miaka sita hushika kalamu na kuizoea kwa muhula mmoja, ilhali mtu mzima wa ngumbaru hutaabika mwaka mzima. Zaidi ya hayo, ninavyoelewa mimi, seli za ubongo zilizokufa hazifufuki. Sasa ubongo huo unajisuka upya kwa nyuzi zipi?

Binti wa Kibokoni

Shikamoo Mwalimu. Swali lako ndilo lililonisumbua mimi pia, na nitalijibu kwa urefu kwa sababu mzizi wa mambo yote umo humo.

Kwanza, ni kweli kwamba sehemu ya ubongo iliyokosa damu mpaka ikafa haifufuki, na mtu asidanganywe juu ya hilo. Ni kweli pia kwamba mtoto hujifunza kwa wepesi zaidi. Hata wataalamu wakubwa waliiona hali hiyo wakaichukulia kuwa ndiyo mwisho wa habari. Santiago Ramón y Cajal, Mhispania aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1906 kwa kazi yake juu ya muundo wa mfumo wa neva, aliandika kwamba katika ubongo wa mtu mzima njia za neva zimekwisha kukamilika na hazibadiliki, japo aliiachia sayansi ya baadaye kazi ya kuitengua hukumu hiyo iwapo ingewezekana. Ikatenguliwa kidogo kidogo. Mwaka 1949 mwanasaikolojia wa Kanada, Donald Hebb, alitoa hoja kwamba seli moja ya neva inaposhiriki mara kwa mara kuiamsha nyingine, kiungo kilicho baina yao huimarika. Viungo hivyo huitwa sinapsi, na ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86, kila moja ikiwa na sinapsi nyingi mno. Kwa hivyo nyuzi unazoziuliza, Mwalimu, ni hizo: seli zilizokufa hazirudi, ila zilizobaki hai hubadilisha namna zinavyoshikana.

Mfano ulionikaa akilini ni ukili. Anayesuka ukili wa mkeka, mwaa mmoja ukimkatikia, haufumui ukili wote wala hauungi ule uliokatika. Huchukua mwaa mwingine, akaupachika pembeni ya ule wa kwanza, akaendelea kusuka mpaka ule mpya ukashikwa na wenziwe. Sehemu za ubongo zilizo jirani na jeraha hufanya kazi inayofanana na hiyo, mradi wapo wanaosuka. Na msukaji hapa ni mwendo wenyewe.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1996 Randolph Nudo na wenzake walichapisha matokeo ya kima wadogo waliosababishiwa jeraha dogo katika eneo la ubongo linaloendesha vidole. Katika kazi yao ya awali, kima walioachwa bila mazoezi walipoteza hata sehemu ya eneo la mkono lililokuwa halijaguswa na jeraha, kwa maana kwamba hasara ilizidi jeraha lenyewe. Wale waliolazimika kuokota vijipande vya chakula kutoka kwenye vishimo vidogo kwa mkono ule dhaifu, siku baada ya siku, eneo lao la mkono lilihifadhika, na kwa baadhi yao likapanuka kuingia sehemu zilizokuwa zikiendesha kiwiko na bega. Naomba lisipitwe haraka hilo la kwanza: asiyetumia mkono hapotezi mkono tu, hupoteza na nafasi ya mkono katika ubongo. Tulipokuwa tukimlisha mama kwa kijiko tulikuwa tukimpunguzia nafasi hiyo bila kujua.

Pili, kuhusu samaki aliyekauka. Mwaka 2004 watafiti wa Ujerumani waliwafundisha watu wazima wenye afya kurusha mipira mitatu hewani na kuidaka mfululizo, mwendo ambao hakuna kati yao aliyeujua. Baada ya miezi mitatu picha za ubongo zilionyesha kwamba sehemu zinazohusika na kuona vitu vikisogea zilikuwa zimenenepa kidogo. Walipoacha kwa miezi mitatu mingine, unene ule ukapungua. Mwaka 2008 zoezi hilo hilo lilifanywa kwa watu ambao wastani wa umri wao ulikuwa miaka 60. Wachache zaidi waliufikia ustadi wa vijana, ila mabadiliko katika ubongo wao yalionekana. Kwa hivyo uliyoyaona darasani ni kweli, Mwalimu: mzee huchukua muda mrefu zaidi. Yule mtu wa ngumbaru aliyetaabika mwaka mzima, mwishoni si aliandika?

Mwalimu Mstaafu, Tudor

Aliandika, binti. Tena wengine waliandika hati nzuri kuliko yangu. Nimekuelewa, na mfano wa ukili nimeupokea. Endelea.

Mkaazi wa Likoni

Nimesoma uzi huu nikiwa kivukoni nikisubiri feri, na nimeusoma mara mbili. Baba yangu alipata kiharusi miaka minne iliyopita. Mkono wake wa kulia hunyanyuka mpaka kifuani, na vidole hufumba lakini havina nguvu. Yeye hutumia wa kushoto kwa kila kitu, na amezoea. Je, miaka minne si mingi mno? Na je, nimlazimishe?

Binti wa Kibokoni

Pole sana, kaka, na mpe mzee salamu zetu.

Muda wa mwanzo ndio wenye kasi, hasa miezi mitatu ya kwanza, kwa sababu ubongo uliojeruhiwa hupita katika kipindi ambacho viungo vipya huchipuka kwa wingi. Hata hivyo, kasi kupungua si mlango kufungwa. Mwanasayansi wa Marekani Edward Taub alibaini kwamba baadhi ya udhaifu wa wagonjwa haukutokana na jeraha peke yake, bali na mazoea: mgonjwa alijaribu mkono katika siku za mwanzo, ukashindwa, akaona wa pili ni mwepesi, akauacha ule wa kwanza moja kwa moja, hata pale ulipokuwa umeanza kupata uwezo. Yaani alijifunza kutoutumia. Tiba aliyoibuni ni kuuzuia ule mkono usioathirika kwa glovu nene kwa sehemu kubwa ya siku, huku mkono dhaifu ukifanyishwa kazi ndogo ndogo kwa saa nyingi kwa muda wa wiki mbili hivi. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa la tiba hiyo lililowahusisha wagonjwa 222 waliokuwa wamepata kiharusi miezi mitatu hadi tisa kabla yake, na waliofanyiwa walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida, na nafuu hiyo ilikuwepo hata baada ya mwaka. Taub na wenzake waliwafanyia pia watu waliokuwa wamekaa na kiharusi kwa miaka kadhaa, nao wakanufaika.

Ila tiba hiyo ina sharti: mkono dhaifu lazima uwe na uwezo kiasi wa kunyoosha kifundo na vidole, angalau kidogo. Kwa hivyo mpeleke mzee akapimwe kwanza na mtaalamu wa tiba ya viungo, uulize hasa kuhusu bega, kwa kuwa bega la mkono uliolegea huumia upesi likivutwa. Msimvute mkono kumwinua kitandani.

Kuhusu kumlazimisha, mimi kwa maoni yangu nasema hapana. Usimlazimishe, mwachie kazi yake mwenyewe. Kuna tofauti kubwa kati ya mtoto kumshika mzee mkono na kuukunja na kuukunjua, na mzee mwenyewe kutafuta kitu anachokitaka. Mkono ukikunjwa na mtu mwingine viungo havikakamai, na hilo lina faida yake, lakini ubongo haukutoa amri yoyote, kwa hivyo haukupata cha kusahihisha. Alikuwa akipenda nini kabla ya maradhi?

Kwa walio katika siku za mwanzo kabisa naongeza tahadhari, kwa sababu mapenzi yanaweza pia kugeuka pupa. Mwaka 2015 yalitolewa matokeo ya jaribio la wagonjwa 2104 lililoonyesha kwamba kumwinua mgonjwa mara nyingi na kwa nguvu ndani ya saa 24 za kwanza kulileta matokeo mabaya kidogo kuliko huduma ya kawaida. Siku hizo waachieni madaktari waamue.

Mkaazi wa Likoni

Alikuwa mchezaji wa bao. Kila jioni chini ya mwembe. Tangu augue hajaenda, anasema ataona haya kete zikimponyoka.

Mama Watatu, Kisauni

Mimi sina mgonjwa, alhamdulillahi, lakini nina swali linalofanana. Nina miaka hamsini na mbili, na mwaka huu nimeanza kujifunza kuogelea, mimi niliyezaliwa kando ya bahari nikaishia kulowesha miguu. Mwezi wa kwanza nilikuwa nikirudi nyumbani kichwa kimechoka kuliko mwili, nikilala kama mtoto. Sasa naelea na kupiga makasia ya mikono bila kufikiri, na ule uchovu wa kichwa umekwisha. Je, ina maana ubongo umeacha kubadilika?

Binti wa Kibokoni

Hongera sana, dada. Umelieleza jambo hilo vizuri kuliko nilivyoweza mimi.

Mwendo ukiwa mpya, ubongo huutabiri kabla haujatokea, kisha huulinganisha utabiri na kilichotokea kweli. Kazi hiyo ya kulinganisha hutegemea sana serebela, ile sehemu iliyo nyuma ya kichwa, chini ya ubongo mkubwa. Ulipotia uso majini ukidhani utaelea na miguu ikazama, tofauti hiyo baina ya ulichokitarajia na kilichokupata ndiyo iliyorekebisha amri ya mara iliyofuata. Kosa ndilo somo. Ndiyo maana yule mtaalamu wetu hakupenda mama afanye zoezi ambalo hakosei kamwe, wala lile asilofaulu hata mara moja. Alitaka kazi ambayo mama anaipata mara nyingi na kuikosa mara kadhaa, na akiizoea, aliibadilisha.

Mwendo ukishazoeleka, ubongo hauhitaji tena uangalifu ule, njia zake huwa zimekaa, na hata utando wa mafuta unaozifunika nyuzi za neva, uitwao mayelini, hubadilika kwa mazoezi ili habari ipite upesi. Uchovu wa kichwa huondoka. Faida ya moyo na mapafu inaendelea, nayo si ndogo, lakini ukitaka ule mvuto wa kujifunza urudi, itakubidi utafute usichokiweza: kuogelea chali, au kupumua upande ambao hukuuzoea. Na usikifanye kimoja mara ishirini ndipo uhamie kingine, changanya. Mwaka 1979 watafiti wawili, Shea na Morgan, waliwafundisha watu miendo kadhaa ya mkono, kundi moja kwa mpangilio wa kumaliza mwendo mmoja kabla ya kuingia mwingine, na kundi la pili kwa kuchanganya. Wakati wa mazoezi waliochanganya walionekana nyuma, lakini walipojaribiwa baadaye wao ndio waliokumbuka vizuri zaidi. 

Kuhusu kulala kama mtoto, usingizi wako ulikuwa sehemu ya somo. Mwendo uliofunzwa mchana huendelea kutengemaa usiku, na mara nyingi mtu huamka akiwa anaufanya vizuri kuliko alivyouacha jioni, ingawa hakuna zoezi lililopita katikati. Sisi tuliliona kwa mama waziwazi. Siku alizokesha kwa maumivu ya bega, asubuhi yake kokwa za tende zilihama polepole. Tulianza kuichunga saa yake ya kulala kama tunavyoichunga dawa ya shinikizo la damu, ambayo hatuthubutu kuiruka.

Mwalimu Mstaafu, Tudor

Nina swali moja zaidi. Hayo mabadiliko huanza lini? Baada ya miezi?

Binti wa Kibokoni

Mapema kuliko nilivyodhani, Mwalimu. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya panya wadogo waliofundishwa kunyoosha mguu wa mbele kuchukua punje ya chakula kupitia mwanya mwembamba. Watafiti waliangalia ubongo wao kwa darubini wakiwa hai, wakaona vichipukizi vipya vya sinapsi vikijitokeza ndani ya saa moja tangu zoezi la kwanza. Vingi katika vichipukizi vya aina hiyo hupotea. Vilivyobaki ni vile vilivyoendelea kuitwa kazini kwa mazoezi ya siku zilizofuata, na hivyo vilidumu muda mrefu baada ya mazoezi kukoma. Kwa hivyo mlango hufunguka siku ya kwanza, lakini anayerudi kesho na kesho kutwa ndiye anayeukuta bado uko wazi.

Jambo jingine lililonishangaza linahusu wasioweza kabisa kusogeza kiungo. Mwaka 1995 Alvaro Pascual-Leone na wenzake waliwafundisha watu wasiojua piano zoezi la vidole vitano, saa mbili kwa siku kwa siku tano, na wakapima eneo la ubongo linaloendesha vidole hivyo. Lilipanuka. Kundi jingine lilikaa mbele ya piano likauwazia mwendo huo tu bila kusogeza kidole, na eneo lao nalo likapanuka, ingawa ustadi wao haukuwafikia waliocheza kweli. Mama aliponiona nikimweleza hayo alifumba macho, akasema: "Basi mimi kofia nimeishona mara nyingi usiku." Kumbe katika zile wiki alizokuwa amekata tamaa, akiwa hana usingizi, alikuwa akishona kichwani, kiua baada ya kiua.

Sitaki kulikuza jambo hili kupita kiasi, kwa hivyo nawaeleza hali ilivyo leo. Mama hajarudi alivyokuwa. Mkono huchoka baada ya robo saa, kidole cha shahada na cha gumba hukutana lakini kile kidogo bado hujikunja chenyewe, na anapokuwa na homa au huzuni ule udhaifu wa zamani hurudi kwa siku mbili tatu. Hula kwa mkono wake wa kulia, na hili kwake lilikuwa kubwa kuliko kushona, kwa kuwa kula kwa kushoto mbele ya wageni kulimtia unyonge ambao hakuna zoezi lingeweza kuuondoa. Amerudi kwenye mbuzi pia, anakuna nazi nusu kwa siku. Kofia aliyoianza mwezi wa Mfungo Sita ina viua vikubwa, vya ukubwa wa punje ya kunde, na uzi aliochagua ni mnene. Hajaimaliza.

Mkaazi wa Likoni

Narudi baada ya wiki sita, na samahani kwa kuchelewa.

Tulimpeleka mzee akapimwa, bega likaonekana salama, tukaelekezwa mazoezi. Nyumbani nilimwekea bao sakafuni, mimi na yeye tu, mlango umefungwa. Wiki ya kwanza alikuwa akichota kete kwa mkono wa kulia na nusu ya kete zinamwagika kabla hajafika shimo la pili. Bao lina kete 64, dada yangu, na kuna siku nilihisi nimeziokota zote mara kumi. Nilijizuia kumsaidia, ingawa moyo uliniuma, kwa sababu nilikuwa nimesoma humu. Wiki ya tatu akaanza kunigombeza kwamba nacheza vibaya, nikajua mzee amerudi.

Juzi Ijumaa, baada ya alasiri, alitaka kwenda mwembeni. Nilimsindikiza. Mshindani wake ni rafiki yake wa tangu ujana, mtu anayesifika kwa kucheza haraka na kwa maneno mengi. Mzee alichukua kete katika shimo la upande wake wa bao, akaanza kuzigawa, moja moja, na katika shimo la nne mbili zikamponyoka zikaangukia mchangani. Watu walinyamaza. Yule rafiki yake aliziangalia kete zile chini, akaurudisha mkono wake nyuma mgongoni, akangoja. Baba aliinama, akaokota ya kwanza kwa vidole viwili, akaitia shimoni, akainama tena.

Alifungwa mchezo wa kwanza. Jana alasiri alinitangulia kuvaa viatu.